Sikio la Tatu la Mwishehe

Mwishehe mpiga besi alikuwa na masikio matatu. Mawili yalikaa kichwani, kama yako na ya jirani yako, na hayo yalikuwa ya kawaida tu, tena la kushoto likimwasha kila masika. La tatu lilikaa mlangoni mwa ukumbi, juu ya kistuli cha mninga, likiuza mihogo ya kukaanga kwa pilipili ya ndimu. Hilo ndilo lililokuwa sikio lenyewe. Jina lake Hija, mke wake wa ndoa. Siku Hija alipozikwa, Temeke nzima ilidhani Mwishehe amefiwa na mke. Yeye peke yake ndiye aliyejua kuwa amefiwa na besi pia.

Turudi nyuma kidogo, maana habari ya mtu haianziwi kaburini.

Bendi yake iliitwa Wana Kizinga. Ilizaliwa na kiwanda cha magunia, zama zile ambazo kila kiwanda kilikuwa na timu ya mpira na bendi ya dansi, na mpiga besi akiandikwa kazini kuwa mshona magunia ingawa sindano ya gunia hajui inashikwa upande gani. Wakati wa ruksa ulipoingia, biashara ikaachwa huru, maduka yakajaa sabuni na kiwanda kikafungwa. Vyombo vya muziki vikapelekwa mnadani. Bwana Sadallah, mwenye baa kule Mbagala, akavinunua vyote pamoja na wapigaji wake, kama mtu anayenunua ng'ombe akapata na kupe. Tangu hapo Wana Kizinga wakawa wanapiga bugi, dansi la mchana, kwenye ukumbi wake kila Jumapili kuanzia saa tisa alasiri, na adhana ya magharibi ikilia vyombo vinazimwa. Bwana Sadallah alikuwa anauza bia, lakini alikuwa anamwogopa Mungu.

Besi la Mwishehe, wanaolikumbuka wanalikumbuka kwa mwili. Wanasema lilipoanza, kuku wa uani walikuwa wanataga wawili wawili. Wanasema mzee mmoja wa Mtoni, goti lake limekufa tangu mwaka wa njaa, alicheza mpaka akausahau mkongojo wake ukumbini, kesho yake akaurudia akichechemea na kuapa kwamba si wake, ametumwa tu. Asiyeamini akauulize mkongojo. Lakini moja walilikubali hata wabishi: ukiketi mbele besi linakutosha, ukiketi nyuma linakutosha, na ukisimama barabarani unasubiri gari linakutosha. Halikuzidi wala halikupelea. Wapigaji wa bendi nyingine walikuja kuchungulia amplifaya yake, wakakuta voliyumu iko kwenye nne, kama zao. Wakaligonga boksi la spika, wakakuta ni mbao za Keko, kama la kwao. Wakarudi Kinondoni wakisema ana jini.

Jini mwenyewe alikuwa mlangoni, anamenya mihogo.

Hapo mwanzo Mwishehe alikuwa mpiga besi kama wengine. Alisimama jirani na boksi lake, akajisikia, akaridhika, na huku nyuma watu wanacheza kama wanaotafuta sindano mchangani. Akiongeza, nyuma kukawa na ngurumo tupu, na mwimbaji anafumbua mdomo kama samaki changu aliyetoka majini. Siku moja akarudi nyumbani amenuna. Walikuwa wamepanga chumba Keko, nyuma ya karakana ya fundi Revelian, Mhaya mmoja mtengeneza vitanda na makabati, ambaye ndiye aliyelichonga hilo boksi la spika.

"Mmoja ananiambia limezidi, mwingine ananiambia halipo," Mwishehe alimwambia mkewe. "Mie pale niliposimama nalisikia vizuri kabisa."

Hija alikuwa anapuliza moto, kakaa upande usio na moshi. "Na nani kakwambia pale uliposimama ndipo linapokwenda?" akasema. "Tazama. Moto kauwasha Hija, anayetokwa machozi ni mama wa chumba cha tatu. Besi lako ni moshi, baba Munira. Mwashaji hajui umefika wapi. Anayejua ni jirani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Jumapili mie ndiye jirani."

Wakapatana. Fundi Revelian akamchongea Hija kistuli kwa mabaki ya mbao zile zile za boksi, akasema mbao zikitoka gogo moja zinajuana hata zikitengwa. Hija akakiweka mlangoni, mwisho kabisa wa ukumbi, uso umeelekea jukwaa. Kanga yake ya juu ndiyo iliyokuwa ikisema. Ikiwa begani kulia, ongeza. Ikiwa kichwani, punguza. Ikiwa mapajani, hapo hapo, usiguse kitu. Nani angeshuku? Mwanamke wa Pwani na kanga yake: ataitoa, ataivaa, ataitupia huku na kule mara mia kutwa, na anayemtazama ataona joto tu.

Wala msidhani Hija alikuwa anausikiliza muziki. Mwishehe alimwuliza siku moja anajuaje.

"Nyie siwaangalii," Hija akamjibu. "Wanaume watano na jasho, mna kipi cha kuangaliwa? Naangalia viuno na chupa. Mabega yakicheza peke yake na viuno vimelala, besi halijafika. Chupa za soda zikianza kutembea mezani, limezidi. Viuno vikienda na chupa zikitulia, nakula muhogo wangu."

"Na wale wasiocheza?"

"Hao naangalia kisigino. Kisigino hakijui kusema uongo."

Ndivyo alivyomfundisha mumewe kazi yake. Siku watu wamejaa, kanga begani tangu wimbo wa kwanza, maana miili ya watu inakunywa besi kama mchanga unavyokunywa maji. Siku watu wachache, kichwani. Siku wapambaji wa ukumbi walipolisukuma boksi kwenye kona ya ukuta, besi likaumuka kama andazi lililozidishiwa hamira, kanga ikaenda kichwani na ikakataa kushuka, mpaka Mwishehe akalivuta boksi pembeni na kuliinua juu ya matofali mawili. Ndipo iliposhuka mapajani. Tangu siku hiyo matofali yale mawili yakawa sehemu ya vyombo vya bendi, yakisafirishwa kwenye gari kama wapigaji wengine, na moja lilikaa siti ya mbele.

Hata nyuzi zilikuwa za Hija. Miaka ile ya dhiki, uzi wa besi ukichoka hakuna wa kununua, alikuwa anazichemsha kwenye sufuria ya mihogo, mafuta ya vidole yanatoka yanaelea juu, zinarudi zinalia kama mpya. Wateja wakimwuliza mbona muhogo leo una ladha ya msumari, anawaambia unaongeza damu.

Miaka kumi na mitatu mambo yakaenda hivyo, toka ukumbi wa kiwandani mpaka kwa Bwana Sadallah. Na katika miaka yote hiyo Mwishehe hakumwambia mtu. Mwanzoni alinyamaza kwa sababu ilikuwa siri yao tamu. Baadaye alinyamaza kwa sababu sifa ilikuwa imeshamkaa mwilini, na sifa ikishakukaa kuivua ni kuchunika ngozi.

Kuna siku moja aliyoikumbuka kuliko zote, na laiti angeweza kuichemsha nayo ikatoka mafuta yake. Bugi limekwisha, wapigaji wamelizunguka sinia la mihogo. Brightson, mpiga solo na kiongozi wa bendi, mtu wa Moshi, mpole, alikuwa anamsifu.

"Kaka Mwishehe, hilo sikio ulilitoa wapi? Mie nadhani hata shemeji analo. Hakosagi bugi hata moja."

"Nani, Hija?" Mwishehe akacheka. "Huyo hajui besi na kishindo cha mchi kinuni. Anafuata wateja wake tu."

Watu wakacheka. Hija alikuwa hatua mbili nyuma yao, anafunga muhogo kwenye gazeti. Aliumaliza kuufunga, akampa mteja, akajifuta mikono. Jumapili iliyofuata kanga yake ilisema yote iliyotakiwa kusema, begani, kichwani, mapajani, bila kukosea hata mara moja. Nyumbani alilitaja jambo lile siku moja tu, tena anatwanga.

"Baba Munira," akasema, "kishindo cha mchi nacho kina mapigo yake."

Kisha akaendelea kutwanga.

Masika ya mwaka tisini na tatu homa ikamwangusha Hija. Mara ikaitwa malaria, mara ikaitwa jina refu, na vidonge vikabadilishwa rangi tatu. Munira, binti yao aliyeolewa Kinyerezi, alikuja kumwuguza. Wiki ya tatu, Hija hawezi tena kuinuka, akamwuliza mumewe: "Jumapili atakaa nani?"

"Utakaa wewe."

"Usinidanganye kama mtoto. Mwambie mtu. Mtu yeyote mwenye macho. Kazi yenyewe si ngumu."

"Utakaa wewe," Mwishehe akasema tena.

Hija alifariki Alhamisi, akazikwa kabla ya alasiri. Jumapili mlangoni pakawa wazi.

Brightson alimwombea rafiki yake ruhusa ya siku arobaini, na Bwana Sadallah akakubali, ila alikubali kama mtu anayekubali huku ana jambo jingine mfukoni. Alikuwa ameagiza kinanda kutoka Dubai. Kinanda hicho, alisema, kina ngoma ndani yake, kina tarumbeta ndani yake, na kina besi ndani yake, mkono wa kushoto.

"Mie Mwishehe namheshimu," alimwambia Brightson. "Lakini tuseme ukweli. Kitu pekee alicho nacho ambacho kinanda hakina ni lile sikio lake. Likiwepo, atakaa hapa mpaka azeeke. Lisipokuwepo, mie namlipa mtu wa nini?"

Brightson akayafikisha maneno hayo Keko, kwa upole wake wote, na Mwishehe akayasikia kama mtu anayesomewa hukumu ya mwingine.

Siku ya arobaini watu wakala, wakasoma hitima, na nguo za marehemu zikagawiwa ndugu wa kike, kama ada ilivyo. Mwishehe mwenyewe alifungua sanduku. Mwajabu, dada mkubwa wa Hija, mjane mwenye maneno mengi na magoti mabovu, akapewa kanga nyekundu ya mchoro wa korosho iliyoandikwa *Nikae wapi nisikuone*. Ndiyo hiyo hiyo ya mlangoni. Mwishehe aliishika kidogo kabla ya kuitoa. Mwajabu akadhani ni majonzi, na majonzi yalikuwepo, ila hakujua yote yaliyokuwemo.

"Hata kile kistuli nipe, shemeji," akasema. "Ile biashara yake ya mihogo isife."

Mwishehe akampa na kistuli.

Jumapili ya kwanza baada ya arobaini Mwajabu hakuja, magoti yalimkatalia. Mwishehe akapanda jukwaani mwenyewe. Voliyumu akaiweka nne. Wimbo wa kwanza akatazama mlangoni, akaona mwanga tu na watu wanaoingia. Akajaribu kuangalia viuno. Kutoka jukwaani viuno vinavyoonekana vyote ni vya watu wa mbele. Akajaribu kuangalia chupa. Chupa zilikuwa mbali, zinameremeta tu. Angeweza kumwambia mtu. Angeweza kumwita hata muuza karanga akamwambia, kaa pale, ukiona hivi fanya hivi. Lakini kumwambia mtu mmoja ni kuwaambia wote, na kuwaambia wote ni kusema kuwa lile sikio halikuwa lake hata siku moja. Akapunguza kwa kuogopa kuzidisha. Akapunguza tena.

Walipopumzika Brightson akamfuata nyuma ya jukwaa. "Kaka, besi lako limepotea."

"Limepotea wapi?"

"Mie nitajuaje? Kule nyuma watu wamekaa. Wanasema leo bendi haina miguu."

Bwana Sadallah alipita, akaligusa boksi la spika kama mtu anayepima homa, akaenda zake. Kwa Brightson aliacha ujumbe mmoja: Jumapili ijayo ndiyo ya mwisho kumtazama.

Wiki ile Mwishehe alifanya kila alichojua. Akachemsha nyuzi, mara ya kwanza kuzichemsha mwenyewe, akaziacha mno motoni mpaka maji yakakauka. Akayaosha matofali mawili. Akaenda kwa fundi Revelian akamwomba alikaze boksi, na Revelian akaligonga huku na huku akamwambia halina kilichoregea. "Boksi ni zima, Mwishehe. Kanywe chai, upumzike." Usiku na mchana wimbo ulikuwa mmoja kichwani: nikishindwa Jumapili, sina pengine. Mtu wa miaka hamsini na miwili, kwenye karatasi mshona magunia, mikono haijui kingine.

Jumapili ikafika, na ukumbi ukajaa kama sikukuu. Mwishehe akachomeka waya, akapiga nyuzi moja moja, akaiweka voliyumu nne. Brightson akahesabu wimbo. Mwishehe akainua macho kuelekea mlangoni kwa mazoea tu, kama mtu anayeugusa mlango aliokwisha ufunga.

Kanga nyekundu ya korosho ilikuwa pale, juu ya kistuli cha mninga.

Vidole viliendelea kupiga, vidole havikufiwa. Lakini kifua kilisimama. Halafu akauona uso. Mwajabu. Magoti yamempa ruhusa, kaja na sinia lake, anakuna mgongo kwa kisu cha mihogo. Mwishehe akashusha pumzi. Ni Mwajabu, akajiambia. Mwajabu hajui kitu. Tazama nyuzi zako.

Wimbo wa pili, mteja akaja, na Mwajabu akaitupia kanga begani apate kukata muhogo. Begani kulia.

Mkono wa Mwishehe ukaenda tano.

Akili ilimwambia, wewe, huyo Mwajabu, kanga imemkera tu. Na kweli aliisikia. Lakini mkono ulikuwa na miaka kumi na mitatu ya utii, na katika miaka yote hiyo kanga ile haijamdanganya hata mara moja. Aliyedanganya alikuwa yeye. Kanga ikakaa pale pale begani, maana wateja walikuwa wengi na Mwajabu ana maneno na kila mmoja. Mkono ukaenda sita. Mbele ya jukwaa wanawake wawili wakashika vifua, wakarudi nyuma. Brightson akamgeukia, akatikisa kichwa, akatikisa tena kwa nguvu. Mwishehe hakumwona. Alikuwa anatazama mlangoni, na machozi yalikuwa yamemjaa, na ndani ya machozi uso wa Mwajabu ulikuwa umefutika, ikabaki kanga peke yake, nyekundu, inasema ongeza, baba Munira, huku halijafika.

Saba.

Chupa zikaanza kutembea. Walioketi karibu na mlango wanasimulia kuwa chupa moja ya soda ilitembea meza tatu na kumsalimia mwenyewe, lakini hao nao ni waongo. Ilitembea meza moja, ikaanguka miguuni kwa Mwajabu ikapasuka. Mwajabu akashtuka, akaivuta kanga akaikumbatia juu ya bega lile lile la kulia, kwa mikono miwili.

Nane.

Spika ikapasuka. Haikulia kama bomu. Ililia kama gunia kuukuu linalochanwa taratibu kwa mkono, na baada ya hapo besi likawa linakoroma, kisha halikutoka kitu. Brightson akasimamisha wimbo. Watu wakamalizia hatua zao hewani.

Walimkuta Mwishehe ameketi juu ya tofali moja, gitaa mapajani. Bwana Sadallah alikuja, Brightson alikuja, na Mwajabu naye akajikongoja toka mlangoni, maana shemeji yake akiangukiwa na jambo lazima awe wa pili kujua.

"Nini hiki?" Bwana Sadallah akauliza. Hakupandisha sauti.

Brightson akainama, akamnong'oneza Mwishehe: "Sema amplifaya imepata hitilafu. Imezeeka, kila mtu anajua. Mie nitakuunga mkono. Ataleta spika nyingine, mambo yatakwisha."

Njia ilikuwa hapo, wazi, imefagiliwa. Mwishehe aliitazama. Halafu akatazama kanga iliyokuwa begani kwa Mwajabu, na maneno yaliyoandikwa ukingoni, na akaona kuwa akisema uongo huu atakuwa amemkana mara ya pili, na safari hii hayupo wa kumjibu kinuni.

"Amplifaya nzima," akasema. "Nimeongeza mie. Nimeona kanga."

"Kanga gani?"

Akawaambia. Akaeleza begani ni nini, kichwani ni nini, mapajani ni nini. Akaeleza moshi, viuno na chupa, hata na kisigino, na kwamba kazi yenyewe si ngumu. Alieleza polepole kama mtu anayerudisha kitu alichoazima, anakitoa kimoja kimoja asije akasahau.

"Nilisema mbele yenu hajui besi na mchi," akamalizia. "Yeye ndiye aliyekuwa anajua. Mie nilikuwa nazungusha voliyumu."

Hakuna aliyecheka. Bwana Sadallah akavua kofia, akaivaa tena.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema, "mpiga besi wangu alikuwa ananiuzia mihogo mlangoni, na mie nampigia kelele asizibe njia."

Mwajabu ndiye aliyekuwa wa mwisho kuelewa, na alipoelewa akaketi chini sakafuni, magoti na yote. "Nilikuwaga namsema," akasema. "Kila Jumapili anarudi na nusu ya mihogo. Namwambia, we Hija, biashara gani hii unarudi na mzigo? Kumbe wateja alikuwa hawaoni."

Mwishehe akachomoa waya kwenye gitaa, akaukunja vizuri, akampa Brightson.

"Kaka, tutatafuta mtu mwingine wa kukaa pale," Brightson akasema. "Si umesema kazi yenyewe si ngumu?"

"Yeye ndiye aliyesema," Mwishehe akajibu. "Alisema mapema. Sikutaka kusikia."

Kinanda kikatolewa kwenye boksi lake mwezi uliofuata.

Mwishehe alihamia mlangoni. Si kwa amri ya mtu. Alikuja Jumapili moja kumsaidia Mwajabu kubeba sinia, Jumapili ya pili akaleta tofali lake moja la kukalia, ya tatu akawa anamenya. Watu wakasema atamwoa shemeji yake, na Mwajabu akawaambia aolewe nani, na magoti haya. Kutoka pale mlangoni Mwishehe aliuona kwa mara ya kwanza ukumbi kama Hija alivyokuwa akiuona. Wapigaji walikuwa mbali, wadogo kama vidole. Solo lilikuwa linafika limechoka, maneno ya mwimbaji yanaishia meza za katikati. Kilichokuwa kinafika mpaka kwenye kistuli kikiwa kizima kilikuwa besi peke yake. Miaka kumi na mitatu mke wake alikaa mahali ambapo hakuna mtu mwingine wa kumsikia ila mumewe.

Besi la kinanda lilikuwa halina nne wala tano. Lilitoka kama lilivyotoka, watu wawe kumi au mia. Jumapili moja watu walikuwa wachache, mvua ilikuwa imepiga mchana, na Mwishehe akaona chupa za meza ya pembeni zinaanza kutetemeka. Kanga nyekundu ilikuwa imelazwa kwenye ukingo wa sinia. Akaichukua, akajifunika kichwani, akatazama jukwaani.

Mpiga kinanda alikuwa anatazama vidole vyake.

Mwishehe akangoja mpaka wimbo ukaisha na mwingine ukaanza.

"Shemeji," Mwajabu akasema, "unajifunika nini na jua halipo? Utaitia mafuta hiyo." Akaivua kichwani mwa Mwishehe, akaikunja mara nne, akamwekea mapajani, kisha akarudi kwenye mihogo yake.

Mapajani: hapo hapo, usiguse kitu. Mwishehe akaitazama. Akaweka mikono yote miwili juu yake, akatulia.

Pembeni yake chupa moja ilikuwa inatembea kuelekea ukingo wa meza, taratibu. Aliiona tangu mwanzo wa safari yake. Hakuigusa.